Kadi ya Mzee, Kadi Yangu

Bahasha ilifika Ijumaa moja ya Julai 2009, nikitoka zamu ya usiku. Nilijua imetoka hospitali kwa kile kidirisha chake cha nailoni. Wiki tano kabla, mawe kwenye nyongo yaliniangusha jikoni kwa wazee niliokuwa nawatunza, nikiwa nakoroga uji wa shayiri. Nikafikishwa chumba cha dharura, nikapasuliwa usiku uleule, nikalazwa siku mbili. Walinihudumia vizuri, sina neno. Neno lilikuwa ndani ya bahasha: dola 31,000 na ushei.

Nilikuwa nalipwa dola 10 na nusu kwa saa. Nikakaa kwenye ngazi za nje, nikageuza bahasha na kupiga hesabu mgongoni mwake. Ningefanya kazi mwaka na nusu bila kula, bila kodi ya nyumba, bila kutuma hata senti Tanga, ndipo ningemaliza.

Bima sikuwa nayo. Nilikuja Marekani mwaka 2004 kwa bahati nasibu ya grinikadi, nikaangukia Kent, kusini ya Seattle, na kazi ya kwanza niliyopata ndiyo hiyo ya wazee. Kwa wasioijua: katika jimbo la Washington mtu anaweza kupewa leseni ya kutunza wazee ndani ya nyumba ya kawaida ya mtaani, kwa kawaida wasizidi sita. Wengi wanaofanya kazi humo ni sisi, Waafrika Mashariki na Wafilipino. Nyumbani wanasema tunabeba boksi. Sawa, ila boksi letu lina kilo 90, lina kisukari, na likiamka saa nane za usiku linataka kwenda kazini lilikostaafu miaka ishirini iliyopita. Mwenye nyumba yetu alikuwa na wafanyakazi watano na hakuna aliyemkatia bima. Sheria haikumlazimisha.

Jimbo lenyewe lilikuwa na mpango wake kwa wenye kipato kidogo, Basic Health, tangu mwaka 1987. Lakini mwaka huo wa 2009 uchumi ulikuwa umeanguka, bajeti ya mpango ikakatwa, waliokuwemo wakapunguzwa na foleni ya wanaotaka kuingia ikarefuka. Mimi nilikuwa nimechelewa, basi.

Kitu ambacho wenzangu wa kazini hawakukielewa ni kwamba neno "bima ya serikali", lililokuwa likigombaniwa nchi nzima mwaka ule Rais Obama alipotaka kurekebisha mambo ya bima, halikunishtua hata kidogo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwetu Tanzania ulipoanza kazi mwaka 2001, watumishi wa serikali walikuwa wa kwanza kuingizwa: asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa mwalimu, nusu anatoa mwajiri. Hakuna aliyemuuliza baba anataka au hataki. Kadi ikaja, ikakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Kwetu bima ya serikali ilikuwa kama bomba la maji la mtaani: lipo, na siku nyingine halitoi. Unafika zahanati, kadi inapokelewa kwa mikono miwili, unaambiwa dawa hamna, nenda duka la mbele. Kwa hiyo niliposikia Wamarekani wakigombana kama bima ya serikali ni ukombozi au ni ukomunisti, nilijisemea moyoni kwamba hawa hawajawahi kuwa nayo.

Kumbe niliokuwa nawaosha walikuwa nayo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha ndege, mjane, kitanda cha karibu na dirisha. Akili yake ilikuwa kali, miguu ndiyo iliyomwacha. Kiangazi chote cha 2009 runinga ya sebuleni ilikuwa yake, na alikuwa akipayukia habari za bima mpaka bibi wa chumba cha pili anaomba arudishwe kulala. "Serikali haiwezi hata kuendesha posta," alikuwa akisema. Na huyohuyo, kila tarehe 3 ya mwezi, tangu saa tatu asubuhi alikuwa akiniuliza kama mtu wa posta amepita, maana hundi yake ya pensheni ya serikali ilikuwa humo.

Mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Tukifika dirishani alitoa kadi yake ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, ile yenye nyekundu na buluu, dada wa mapokezi akaipiga kopi, tukakaa. Basi. Hakuna aliyepiga simu kuomba ruhusa mahali, hakuna aliyeuliza kama daktari huyu yumo kwenye orodha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake cha magurudumu na deni langu la elfu 31, nikiitazama kadi ile kama mtoto anayetazama sambusa kwenye kabati la vioo.

Tarehe 9 Septemba Rais Obama alilihutubia Bunge la Marekani. Washington ya kule mashariki, mji mkuu, ilikuwa saa mbili usiku. Kwetu saa kumi na moja jioni, wakati wa kulisha. Nilikuwa nachambua kuku kwa bibi mwenye kiharusi, sikio kwenye runinga. Rais akaeleza mpango wake: kutakuwa na soko la bima, na ndani ya soko hilo, pamoja na kampuni, kuwe na bima moja inayoendeshwa na serikali, isiyotafuta faida, kwa wasio na bima kazini. Akasema wakadiriaji wanaona watakaoichagua hawatafika hata asilimia 5 ya Wamarekani. Nakumbuka nilisimamisha uma. Kelele zote hizi, kwa asilimia 5? Kisha alipofika kwenye habari ya wahamiaji wasio na vibali, kwamba hawatahusika, mbunge Joe Wilson wa South Carolina akapaza sauti kwamba anadanganya. Mzee wangu akapiga makofi.

Halafu akanigeukia. "Wewe ile hospitali walikutoza ngapi?"

Nikamtajia. Akakunja uso.

"Hiyo siyo bei," akasema. "Hakuna anayelipa hiyo."

"Mimi ndiye niliyeandikiwa, mzee."

Akaniambia nivute droo ya pili. Alikuwa mtu wa kutunza makaratasi. Alikuwa na taarifa zote za Medicare tangu alipowekewa kifaa cha moyo, zimebanwa kwa mwaka. Akatoa moja, akaninyooshea kidole kwenye safu mbili. Safu ya kwanza, kiasi ambacho hospitali imedai: dola 1,140. Safu ya pili, kiasi ambacho Medicare imekubali: 310. "Ile ya kwanza wanajiandikia wao," akasema. "Hii ya pili ndiyo bei." Akarudisha karatasi, akaongeza sauti ya runinga, akaendelea kuitukana serikali.

Nimefundishwa mambo mengi na watu wenye digrii tangu siku ile, lakini somo lenyewe nilipewa na mzee yule aliyekuwa upande wa pili wa ugomvi.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya malipo ya hospitali, nimevaa vizuri, nikasema nataka kulipa, ila nataka bei ya Medicare. Yule mama wa dirishani alitabasamu kama mtu aliyeombwa bei ya jana sokoni. Hawezi, akasema, bei hiyo ni ya Medicare. Lakini akanipa fomu nyingine, ya msamaha kwa wenye kipato kidogo, ambayo hospitali za jimbo hili zinatakiwa kisheria kuwa nayo na ambayo hakuna aliyenitajia nilipokuwa kitandani. Nikajaza, nikaambatanisha hati za mshahara. Baada ya wiki sita deni likashuka mpaka dola 9,000. Sikuongezewa hata kidonge, sikupunguziwa hata mshono mmoja, operesheni ni ileile. Tukakubaliana dola 75 kila mwezi kwa miezi 120.

Wakati huohuo huko Bungeni mambo yalikuwa yakienda. Tarehe 7 Novemba Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wake kwa kura 220 dhidi ya 215, na bima ya serikali imo. Kule kazini tulishangilia, mimi na mama mmoja wa Nakuru aliyekuwa akifanya zamu ya mchana. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba toleo lenye nguvu, lile la kulipa hospitali kwa bei ya Medicare na kuongeza asilimia 5, lilikuwa limeshaondolewa. Katika lililopita, bima ya serikali ingekwenda kujadiliana bei na kila hospitali kama kampuni nyingine yoyote. Ng'ombe tuliyemshangilia alikuwa ameshakamuliwa.

Seneti hata huyo hawakumtaka. Zilihitajika kura 60, na Seneta Joe Lieberman wa Connecticut akasema hapigi kura kukiwa na bima ya serikali. Wakatafuta njia ya kati: wenye miaka 55 waruhusiwe kununua Medicare mapema. Mama wa Nakuru alikuwa na miaka 57 na sukari. Kampuni za bima zilikuwa zimemkataa mara mbili kwa sababu ya sukari hiyohiyo, na wakati ule ilikuwa halali. Kwa siku kama nne hivi alitembea kama mtu aliyeahidiwa kiwanja. Kisha Lieberman akakataa na hilo pia. Asubuhi ya tarehe 24 Desemba Seneti ikapitisha sheria bila bima ya serikali, 60 kwa 39, na mama akaendelea kugawa sindano zake za insulini zifike mwisho wa mwezi, mpaka Januari 2014, soko jipya lilipofunguka na kampuni zikakatazwa kumkataa mgonjwa. Mwaka 2017 alitimiza miaka 65 akapata Medicare. Alinipigia simu kutoka maegesho ya kliniki: "Dada, hawajaniuliza kitu."

Sasa yule mzee.

Mwaka 2011 fedha zake zilikwisha. Wengi wetu tulidhani Medicare inalipia kila kitu. Hailipii mtu kukaa nyumba ya wazee akisaidiwa kuoga na kula. Hiyo alilipa mwenyewe, kwa fedha ya nyumba aliyouza, dola elfu kadhaa kila mwezi. Zikiisha, inaingia Medicaid, bima ya serikali ya maskini, na ili uipate lazima ubakiwe na mali isiyozidi dola 2,000. Mwanawe akajaza fomu, ikakubaliwa. Mwenye nyumba akasema hapokei.

Mwenye nyumba yetu hakuwa mtu mbaya. Alinipa kazi sina hata leseni ya gari, na mwanangu alipozaliwa alileta mkungu wa ndizi kutoka duka la Wasomali. Swali lake la kwanza kwa kila familia iliyopiga simu lilikuwa moja: mzee wenu ana miezi mingapi ya kulipa mwenyewe? Ikiwa chini ya ishirini na nne, samahani, hatuna nafasi. Siku ile aliniita jikoni akanionyesha. "Jimbo litanilipa karibu nusu ya anacholipa sasa. Na wewe juzi umeniomba nyongeza." Sikuwa na jibu. Kila nilichokuwa nikiwachukia nacho wenye hospitali kilikuwa kimekaa mbele yangu, kinakunywa chai ya tangawizi, na mshahara wangu ulitoka humo.

Nilimfungashia mzee vitu vyake. Droo ya makaratasi niliitia yote kwenye boksi la viatu. Walimpeleka nyumba nyingine, mbali, upande wa Tacoma. Akiwa kwenye gari alinishika mkono, nikadhani atasema jambo kubwa. Aliuliza kama posta watajua anwani mpya.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Sheria ya Obama ilianza kunigusa mwaka 2014, nilipoingia Apple Health, ndivyo Medicaid inavyoitwa hapa Washington, maana jimbo lilikubali kuipanua na kipato chetu kilikuwa chini ya mstari. Mtoto wa pili nilijifungua bila kutoa hata dola moja. Jino ndilo lililonirudisha duniani. Bima ya meno kwa watu wazima nayo ilikuwa imerudishwa mwaka huohuo, kwenye karatasi; nilipiga simu kliniki tisa, nane zikasema hawapokei kadi hiyo au hawapokei wapya, ya tisa ikanipa tarehe baada ya miezi minne. Nilitafunia upande mmoja kama mbuzi mzee.

Katika miaka hiyo nilikuwa nakwenda maktaba ya Kent kila msimu wa kujiandikisha, kuwasaidia watu wa Kiswahili kujaza fomu. Walikuwa wengi, hasa Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Wakati ule mkimbizi hakusubiri miaka mitano kama sisi wa bahati nasibu, aliingia Apple Health moja kwa moja. Shida ilianza akipata kazi nzuri kidogo, kipato kikavuka mstari, akatupwa sokoni. Na huko ndiko kwenye kile kiasi unachotoa kwanza mfukoni mwako kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Kiswahili chake hatukuwa nacho. Pale maktaba tulikiita kizingiti.

Baba mmoja, kapata kazi ghalani, alikaa mbele yangu na kofia mkononi.

"Nalipa kila mwezi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nikigonjwa?"

"Unalipa wewe kwanza mpaka zifike dola 5,000. Ndipo wao waanze."

"Sasa ile ya kila mwezi nalipia nini?"

Nikatafuta maneno. Nikamwambia analipia asije akafilisika. Alicheka mpaka mlinzi wa maktaba akageuka. "Binti, mimi nimetoka Nyarugusu. Nifilisike nini?"

Mwaka 2017 mimi na mume wangu tulipata leseni tukafungua nyumba yetu wenyewe, wazee sita. Kujiajiri kukanitoa Apple Health, nikawa mteja wa sokoni kama yule baba. Nilichukua bima ya daraja la shaba, rahisi kuliko zote kwa mwezi, kizingiti dola 6,500. Kwa lugha nyingine, nilikuwa nanunua kila mwezi ruhusa ya kuogopa daktari. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu inatoka siku kumi na mbili kwa mwezi, na kwa miaka miwili nilimeza vidonge vya madini ya chuma kutoka dukani nikasema ni uchovu. Ninayewaambia watoto wa wazee kila siku kwamba dalili haingojwi.

Mwezi Mei 2019 Gavana Jay Inslee alisaini sheria ya Cascade Care, na magazeti yakaandika kwamba Washington imekuwa jimbo la kwanza Marekani kuwa na bima ya serikali sokoni. Miaka kumi baada ya Lieberman! Oktoba mwaka huohuo nililipa ile dola 75 ya mwisho. Nikamwambia mume wangu mambo yamegeuka.

Hayakugeuka haraka hivyo. Serikali ya jimbo haikuanzisha bima yake yenyewe. Ilizipa mkataba kampuni zilezile, ikaziwekea masharti ya huduma, na sharti kubwa lilikuwa la bei: malipo kwa hospitali na madaktari, yakijumlishwa, yasizidi asilimia 160 ya yale ya Medicare. Muswada ulipoanza ulitaka bei ya Medicare yenyewe. Hospitali zikapiga kelele, ikapanda mpaka 160. Hata hapo, hakuna kilichozilazimisha kuingia. Mauzo yalipoanza kwa mwaka 2021, mpango ulipatikana katika kaunti 19 tu kati ya 39, kwa sababu bila hospitali kukubali, kampuni haina orodha ya kumwonyesha mteja. Yaani tuliandikiwa kadi, tukasahau kuandika nani lazima aipokee. Nilimkumbuka baba na zahanati yake, ila kinyume: kule kadi ilipokelewa na dawa hamna, huku dawa zimejaa na kadi haina pa kuingia.

Ilibidi Bunge la jimbo lirudi mwaka 2021 na sheria ya pili. Mahali ambapo mpango unakosekana, hospitali zenye mikataba na jimbo zingetakiwa kukubali angalau mpango mmoja, kuanzia 2023. Na jimbo likaongeza ruzuku yake kwa wenye kipato cha kati-chini, nayo kuanzia 2023. Mwaka huo nikahama shaba, nikaingia mpango wa Cascade.

Kadi ilipokuja mume wangu aliigeuza huku na huku. "Jina la kampuni hili hapa. Serikali iko wapi?"

"Iko kwenye safu ya pili," nikamwambia. Hakuelewa. Nikamsimulia habari ya droo.

Kumwona daktari wa kawaida ilikuwa dola chache, kabla ya kizingiti chochote, kwa hiyo nikaenda. Mwanamke wa kwanza aliyenipima aliuliza kwa nini nimekaa muda wote huo, nikajifanya sijui. Mtaalamu niliyemtaka hakuwemo kwenye orodha ya mpango. Nikapewa mwingine, nikasubiri miezi mitatu, Septemba 2023 nikapasuliwa. Bahasha ikaja, safari hii kwenye simu. Safu ya kwanza: dola 46,000 na kitu. Safu ya pili: elfu 15. Changu mimi, pamoja na kizingiti: dola 2,900. Nilililipa kwa miezi minane. Sikupiga hesabu mgongoni mwa kitu chochote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, na wananiuliza, kama mageuzi ya matibabu yanahitaji bima ya serikali, nasema ndiyo, lakini sipigi makofi kwa jina. Nimeshika kadi zenye jina la serikali zilizokataliwa milango minane, na nimeshika yenye jina la kampuni iliyoniponya. Ninachouliza ni nani anapanga bei, na mwenye hospitali akikataa bei hiyo inakuwaje. Mzee wangu wa dirishani alikuwa na vyote viwili kwa sababu Medicare ina mamilioni ya wagonjwa, na hospitali nyingi zikiifungia mlango zinabaki na wodi tupu. Asilimia 5 ya watu haitishi hospitali, lazima sheria iitishe kwa niaba yao. Hilo kule Washington ya mashariki mwaka 2009 hawakulisema wazi, wakagombania jina mpaka jina nalo likafa.

Wala si jambo la Marekani peke yake. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, dada yangu akanipigia kwa furaha. Machi 2024 akapiga tena: hospitali binafsi kadhaa zimesitisha kupokea kadi za Mfuko wa Bima ya Afya kwa sababu ya kitabu kipya cha bei. Baba hakuguswa, yeye anatibiwa hospitali ya serikali. "Lakini wanagombania nini hasa?" dada akauliza. Nikamwambia safu ya pili, naye akadhani nimeanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya wazee.

Sehemu ninayoikwepa nikizungumza hadharani ni ya upande wangu. Nyumba yetu ina wazee sita, wawili ni wa Medicaid. Wenye nyumba tuna baraza letu linalojadiliana na jimbo kuhusu viwango tunavyolipwa, na katika vikao hivyo nimewahi kusimama nikasema, kwa sauti niliyoitambua, kwamba kwa bei hii hatuwezi. Nilisema kweli. Msaidizi wa usiku namlipa zaidi ya mara mbili ya nilivyolipwa mimi 2009, na bado naye anafanya kazi nyumba mbili. Wazee wanne wanaolipa wenyewe ndio wanaobeba wawili. Wakiwa watatu kwa watatu, nafunga.

Mwezi uliopita chumba kimoja kilibaki wazi, kile cha upande wa bustani, kizuri kuliko vyote. Jumapili jioni simu ikalia, mwanamke, sauti imechoka kwa namna ninayoijua. Baba yake ameanguka mara tatu, hospitali wanataka kumruhusu Jumatano na hakuna pa kumpeleka. Ana akili zake timamu, akasema, miguu tu. Bima anayo, Medicare. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wote, kwamba Medicare hailipii nyumba kama zetu. Alikuwa hajui. Nilimsikia akikaa chini.

Kisha nikamuuliza baba yake ana miezi mingapi ya kulipa mwenyewe.